"Mzaliwa wa Senegal": kisa cha bango la Othello, London 1833

Bango lenyewe ni karatasi nyembamba, ndefu kuliko upana wake, nyuma tupu, mbele imejazwa maandishi mpaka pembeni utadhani waliogopa kulipia nafasi itakayobaki wazi. Juu kabisa jina la ukumbi, Theatre Royal, Covent Garden. Chini yake siku, Jumatano Aprili 10, 1833, na mchezo wa usiku huo, Othello ya Shakespeare, ile tamthilia ya jenerali mweusi wa Venice. Halafu inakuja orodha ya waigizaji. Iago ni Bw. Warde, Desdemona ni Bi. E. Tree, Othello ni Bw. Aldridge, na hapo kwa Aldridge ndo mambo yanaanzia, maana wenzake wamepewa jina basi, yeye kawekewa na mabano: mzaliwa wa Senegal. Baada ya mabano tunaambiwa anajulikana kwa jina la African Roscius, kwamba ameshapigiwa makofi Dublin, Edinburgh, Bath na kumbi nyingine kubwa za mikoani, na kwamba leo ndo mara ya kwanza anapanda jukwaa hili.

Sasa shida ni kwamba Ira Aldridge hakuzaliwa Senegal.

Kazaliwa New York, Julai 24, 1807. Baba yake, Daniel, alikuwa anauza nyasi kavu mtaani na kuhubiri kanisani, mtoto akasomeshwa African Free School, shule ya watoto weusi pale mjini, na alipokuwa kijana kulikuwa na kundi la maigizo la watu weusi la bwana mmoja William Brown lililoanza 1821, jamaa akaonjea jukwaa hapo. Kwao hakukuwa na njia ya kuendelea, kwa hiyo mwaka 1824, umri miaka 17, akapanda meli kwenda Uingereza. Hiyo ndo historia yake na haina Senegal ndani yake. Iweje basi ukumbi mkubwa wa London, wenye leseni ya mfalme, uchape kitu kama hicho na kukibandika mji mzima?

Mimi kisa hiki kimenikaa kichwani kwa sababu nimewahi kufanya kazi kwenye duka la kuchapa, sio kubwa, tulikuwa na Heidelberg moja ya zamani ya kupiga namba vitabu vya risiti, ile mashine ya kubana herufi za chuma ndani ya fremu na kuzikandamiza kwenye karatasi. Ukishafanya kazi hiyo unajua jambo moja ambalo mtu wa kompyuta halijui: kila herufi kuna mtu kaishika kwa mkono. Hakuna neno linaloingia kwenye karatasi kwa bahati mbaya, hata mabano. Mtu katoa bano la kufungua kwenye kisanduku chake, akaliweka, akapanga maneno, akatoa bano la kufunga.

Na enzi hizo ilikuwa kazi kwelikweli. Mchezo ulibadilika karibu kila siku, kwa hiyo na bango lilibadilika karibu kila siku. Ukumbi unapeleka maandishi kwa mchapaji, mpanga herufi anasimama mbele ya masanduku mawili yaliyoinama, anaokota herufi moja moja anazipanga kinyume kama mtu anayesoma kwenye kioo, ndogo za risasi, zile kubwa za kuvutia macho mara nyingi za mbao. Jina la ukumbi halifumuliwi, linakaa limefungwa vile vile kwa ajili ya kesho, kinachobadilishwa ni katikati. Akimaliza anabana kila kitu ndani ya fremu ya chuma kwa kabari za mbao, anazigonga kwa nyundo, na kama hazikukaza vizuri ukinyanyua tu fremu herufi zote zinamwagika sakafuni na umeanza upya, nimeshuhudia, mtu mzima anaweza kulia. Halafu mashine ya mkono, watu wawili, mmoja anapaka wino kwa rola iliyotengenezwa kwa gundi na molasi (ndiyo, molasi ya miwa), mwingine anaweka karatasi iliyoloweshwa kidogo anavuta mpini. Karatasi 250 kwa saa ndo kilikuwa kipimo cha kazi. Wino ni mafuta ya kitani na masizi, haukauki haraka, na mabango yalitoka moto moto yakiwa bado yana unyevu, akina mama wauza machungwa wanayauza mlangoni kwa peni, na malalamiko ya wakati ule ni kwamba mabibi walioingia na glovu nyeupe walitoka na glovu nyeusi.

Nimeyaeleza hayo kwa urefu kwa sababu nataka tuone nani alikuwa na mkono kwenye yale mabano. Mpanga herufi hakuyabuni. Yeye kaletewa maandishi na kazi yake ni kuyatosheleza kwenye mstari. Sehemu aliyokuwa na sauti ni ukubwa na unene wa herufi, na kwenye mabango ya karne ile ukubwa wa herufi ndo cheo chako, waigizaji waligombana na mameneja kwa sababu ya herufi kama leo wasanii wanavyogombana nani jina lake liwe juu kwenye posta ya tamasha. Ila hadithi ya Senegal imetoka ukumbini, na ukumbini kulikuwa na watu wenye sababu zao.

Meneja wa Covent Garden wakati ule ni Mfaransa, Pierre Laporte, na alikuwa kwenye hali mbaya. Machi 25, siku kumi na sita kabla ya bango letu, Edmund Kean, mwigizaji mwenye jina kuliko wote Uingereza, alikuwa anacheza Othello hapo hapo na mwanae Charles akiwa Iago, akadondoka jukwaani mikononi mwa mtoto wake, hakurudi tena, Mei 15 akafa. Juu ya hilo London ilikuwa na mafua makali yaliyolaza watu wengi msimu ule. Kwa hiyo una ukumbi mkubwa wenye viti vingi, nyota wako kaanguka, watu wanaumwa, na unahitaji kitu ambacho mtu akikisoma ukutani atasimama. Mwigizaji mzuri wa mikoani hasimamishi mtu barabarani, wapo wengi. Ila mtu wa Afrika, wa Afrika yenyewe, akicheza Othello ambaye ni Mwafrika, huyo anasimamisha. Maneno matatu tu kwenye mabano na umeshabadilisha bidhaa, huuzi tena mwigizaji, unauza kitu halisi kutoka mbali.

Sasa linganisha na bango la miaka minane nyuma. Oktoba 10, 1825 Aldridge alicheza ukumbi wa Royal Coburg, ng'ambo ya mto Thames, na bango la Coburg lilimtangaza kama mwigizaji wa tanzia, mtu mweusi, kutoka African Theatre ya New York. Yaani pale walisema ukweli! New York imeandikwa wazi. Uongo wa bango lile uko sehemu nyingine, kwenye jina, maana hawakuandika Aldridge, waliandika Bw. Keene. Soma tena: Keene, Kean. Kijana wa miaka 18 anapewa jina linalosikika kama la mfalme wa jukwaa ili mtu anayesoma haraka haraka achanganye, au acheke, vyote vinaleta hela. Ni kama mtu afungue genge la chipsi alipe jina linalofanana na hoteli kubwa ya mjini. Na ona mzaha wa dunia, huyo huyo "Keene" ndo aliyekuja kusimama kwenye nafasi ya Kean wa kweli alipoanguka.

Kuna jambo lingine kwenye mabango ya Coburg ambalo ukilikosa hutaelewa kwa nini 1833 ilikuwa kubwa. Kwa sheria ya wakati ule London ilikuwa na kumbi mbili kuu tu, Drury Lane na Covent Garden, zenye ruhusa ya kucheza tamthilia za kuzungumza tu, bila muziki, kama za Shakespeare. Wengine walitakiwa watie muziki, ngoma, vioja, moto, farasi, ndo maana mabango ya kumbi ndogo yana mistari mingi hivyo, kila onyesho linatajwa, kila pazia linasifiwa, wanataka uone umepata cha peni yako. Sheria hii ilidumu mpaka 1843. Coburg Aldridge alicheza mtumwa anayeasi huko Surinam. Kuitwa Covent Garden maana yake amevuka mto, amevuka na tabaka. Mtu mweusi kuongoza Shakespeare kwenye ukumbi wenye leseni ya mfalme, hilo London ilikuwa haijaliona.

Na jina Roscius? Huyo alikuwa mwigizaji wa Roma ya kale, na Waingereza walilitumia kwa yeyote waliyetaka kumpandisha, miaka ya 1804 walikuwa na mtoto mmoja wakamwita Roscius Mdogo, London nzima ikapagawa. Kwa hiyo African Roscius ni mtindo ule ule wa kumwita kijana wa mtaani kwenu Messi wa Mbagala. Ni sifa, ila sifa yenye kamba, unasifiwa na kufungwa hapo hapo. Hawakusema Roscius, walisema Roscius wa Kiafrika.

Hapa nifike kwenye swali ambalo watu wengi wanalikwepa, Aldridge mwenyewe alijua? Alijua vizuri sana. Kitabu kidogo cha maisha yake kilichotoka karibu na mwaka 1849 kinasimulia kwamba babu yake alikuwa mtawala wa Wafulani huko Senegal, na kwamba baba yake aliletwa Marekani na wamisionari kusomeshwa. Hadithi imekaa vizuri, ina mfalme, ina vita, ina uhamisho. Sio mabango tu yaliyomsingizia, na yeye aliishika ile hadithi akaitumia, na miji midogo ya Uingereza ilimpokea kama mtu wa ukoo wa kifalme.

Mimi simlaumu. Fikiria alivyokuwa na machaguo. Akisema ukweli, yeye ni mtoto wa muuza nyasi kutoka mji ambao jimbo lake lilimaliza utumwa Julai 4, 1827, yaani alipoondoka yeye 1824 bado kulikuwa na watumwa pale New York. Mzungu wa London akisikia mtu mweusi wa Marekani anamwona mtumwa au mtumishi, akilini mwake hakuna nafasi nyingine. Akisikia mwana wa mtawala wa Senegal, ghafla kuna nafasi, ya ajabu ajabu lakini ipo. Bango lilimnyima kwao, lakini lilimpa cheo ambacho ukweli usingempa.

Sema lilishindwa kumlinda. Hata kabla hajapanda, gazeti la mzaha liitwalo Figaro in London lilishaanza kumpiga, likaandika kwamba afukuzwe jukwaani akatafute kazi ya utumishi au ya kufagia barabara, ndo zinazofaa rangi yake. The Athenaeum, gazeti la wasomi kabisa, likalalamika kwa jina la heshima kwamba Bi. Ellen Tree anashikwashikwa jukwaani na mtumishi mweusi wa Bw. Henry Wallack. Ona hapo: bango linasema Senegal, African Roscius, makofi Dublin na Edinburgh, wao wanajibu kwa neno moja, mtumishi. Walijua katoka Marekani, walimkumbuka kama mtu aliyewahi kufanya kazi kwa akina Wallack, waigizaji waliokwenda New York, na walitumia ukweli huo kuuponda uongo wa bango ili kuponda mtu. Kwa hiyo yule aliyesema uongo alimpandisha na yule aliyekuwa karibu na ukweli ndo alimtukana. Hapa huwa nakwama, kwa kweli.

Waliokuwa ndani ya ukumbi walimpokea vizuri, makofi yalikuwepo, magazeti mengine yalimsifu pia. Akacheza Jumatano Aprili 10, akarudia Ijumaa Aprili 12. Basi. Usiku mbili na mlango wa Covent Garden ukafungwa kwake. Wapo wanaosema ni magazeti, wapo wanaosema mafua na mapato, wengine wanataja wafanyabiashara wenye mashamba ya miwa West Indies, maana huo ndo mwaka Bunge lilikuwa linabishania utumwa na sheria ya kuufuta kwenye makoloni ikapita Agosti. Mimi naona vyote viliingia, ila ukisoma yale ya magazeti huhitaji kutafuta mbali. Mwezi huo huo akavuka tena mto, akacheza Surrey, ukumbi mdogo usio na leseni ya mfalme, na bango lake likachapwa huko.

Kitu kimoja kuhusu mabango kama ushahidi, maana nimeona watu wanayanukuu kama hati ya polisi. Bango linachapwa kabla. Linakwambia kilichopangwa, halikwambii kilichotokea. Mwigizaji anaweza kuumwa saa kumi jioni na bango limeshabandikwa tangu asubuhi. Pia chini ya bango la leo kulikuwa na mistari ya kutangaza ya kesho na wiki ijayo, na hiyo ndo ilikuwa inavunjwa zaidi. Kwa hiyo wanaofuatilia safari za Aldridge mji kwa mji wanachukua bango, halafu wanatafuta gazeti la siku iliyofuata kuona kama kweli alipanda. Bila bango hata hivyo wasingejua pa kuanzia, jamaa alizunguka vijiji vya Ireland, Scotland na England miaka karibu ishirini, na mwaka 1828 alikuwa meneja wa ukumbi wa Coventry, mtu mweusi mwenye mamlaka ya kuamua nani aandikwe kwa herufi kubwa.

Kwenye mabango ya mikoani kuna utaratibu unaojirudia na ndo ninaoupenda zaidi. Anaanza na Othello, mauaji na machozi, halafu usiku huo huo anafunga na The Padlock, kichekesho cha karne ya 18, akiwa Mungo, mtumishi mweusi mlevi anayeimba. Karatasi moja, juu jenerali wa Venice, chini mtumishi wa kuchekesha, wote Aldridge. Ukiangalia haraka utasema walimdhalilisha. Lakini alichokuwa anafanya ni kuwaonyesha watu waliolipa peni zao kwamba vyote viwili ni uigizaji, yule jenerali kaigizwa na yule mtumishi kaigizwa. Baadaye akaongeza wahusika weupe, Macbeth, Lear, Richard III, na Shylock, yule Myahudi ambaye Mwalimu Nyerere alituletea kwa Kiswahili, akijipaka rangi nyeupe na kuvaa wigi. Sasa hapo bango lifanyeje? Mtu uliyemuuza kama Mwafrika halisi anayecheza Mwafrika, leo anacheza mfalme mzee wa Uingereza. Hoja ya "halisi" imekufa na bado watu wanajaa.

Na usiku wa mwisho kwenye mji alikuwa na kawaida ya kusogea mbele ya jukwaa kuaga, na kwenye kuaga huko alizungumzia utumwa, akiwaambia wazi wazi watu waliokuja kuburudika. Bango ndo lililowaingiza ukumbini.

1852 akavuka kwenda bara la Ulaya, akacheza Ujerumani, baadaye Urusi, 1858 akacheza Saint Petersburg, yeye akisema Kiingereza na wenzake jukwaani wakimjibu Kijerumani. Wakampa medali na vyeo kule, vitu ambavyo London haikumpa. Mwaka 1863 akachukua uraia wa Uingereza. Alifia Łódź, Poland ya leo, Agosti 7, 1867, akiwa amekwenda kufanya kazi yake ile ile, na kaburi lake lipo huko huko kwenye makaburi ya Waevanjeliko.

Yale maneno kwenye mabano hayakurudishwa nyuma na ukumbi wowote, na sioni nani angeyarudisha. Ukishachapa, fremu inafunguliwa, kabari zinatolewa, herufi zinaoshwa wino na kurudishwa kila moja kwenye kisanduku chake kwa ajili ya bango la kesho. S ya Senegal inarudi kwa S wenzake, na kesho asubuhi inatumika kwenye neno lingine.